Miaka yote "havionekani", leo 312: je, virusi vimeanza kuzaliana tena?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wetu ana miaka 38 na ametumia dawa za kufubaza VVU kwa miaka mingi. Tangu 2020 anameza TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Majibu yake ya wingi wa virusi yamekuwa yakirudi "havionekani" mwaka baada ya mwaka, lakini safari hii kadi imeandikwa 312. Muuguzi wa CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, amempangia ushauri wa ufuasi wa dawa na kurudia kipimo baada ya miezi 3. Yeye akaona ni mbali mno, akaenda maabara ya binafsi. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, ikatoka 610, na hapo akaambiwa kuna vipimo vingine vya damu, kikiwemo CRP, alama ya uvimbe mwilini, vinavyoonyesha kama virusi "vimeamka". Anauliza: virusi vyangu vimeanza kuzaliana? Kuna kipimo gani cha kunijulisha sasa hivi? Na mume wangu, ambaye hana maambukizi, yuko salama? Mwishoni ameongeza kuwa hajawahi kuruka dozi, ila tangu Machi anameza pia vidonge vya kuongeza damu, "vyote kwa pamoja alfajiri kabla sijala, nisije nikasahau".

Jibu:

Dada, pole kwa hofu hiyo. Ninaijua, maana kila wiki naona watu wakitoka maabara na karatasi mkononi wameishiwa nguvu. Jibu la moja kwa moja ni hili: kwa namba moja ya 312, hakuna daktari wala mtaalamu wa maabara anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba virusi vyako vinazaliana upya. Wala hakuna kipimo kingine cha damu kitakachokujibu kabla ya wakati. Kitakachojibu ni kipimo kilekile ulichofanyiwa, kikirudiwa. Muuguzi wako hajakupuuza, na ile sentensi yako ya mwisho kuhusu vidonge vya kuongeza damu ni ya kumpelekea haraka. Nitafika huko.

Kwanza tuone kilichopimwa. Damu yako iliwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina kemikali ya kuzuia isigande. Ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi seli zikatuama chini, juu pakabaki maji ya rangi ya manjano, yaani plazima. Mashine ya kupima inatafuta ndani ya plazima nyuzi za RNA ya VVU, yaani vinasaba vya kirusi, inazigeuza kuwa DNA, halafu inazirudufu mara nyingi mpaka zihesabike. Urudufishaji huo, PCR, ulibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na mwaka 1993 ukampatia Tuzo ya Nobel ya kemia. Namba uliyopewa ni idadi ya nakala za RNA katika mililita moja ya plazima. Kila kirusi kimoja hubeba nyuzi mbili, kwa hiyo 312 yako ni sawa na virusi 156 hivi kwa mililita. Mtu asiyetumia dawa kwa kawaida huwa na nakala maelfu kwa maelfu, wengine malaki, na aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita anaweza kufika mamilioni.

Kwa nini tunaamini RNA ya kwenye plazima kuliko alama nyingine zote? Hadi miaka ya 1990 mwanzoni, madaktari waliwafuatilia wagonjwa kwa CD4 na kwa kemikali za damu kama neopterini na beta-2 maikroglobulini, ambazo hupanda kinga inaposisimka. Mwaka 1995 na 1996 David Ho, Alan Perelson na wenzao waliwapa wagonjwa dawa kali ya kuzuia virusi, wakawatoa damu mara kwa mara, kisha wakakokotoa kasi ya virusi kupungua. Matokeo yaliwashtua wengi. Ugonjwa uliodhaniwa kulala kimya kwa miaka ulikuwa ukitengeneza virusi takribani bilioni 10 kila siku, na nusu ya virusi vilivyo kwenye plazima vilikuwa vikiondolewa ndani ya saa 6 hivi. Ni kama meza ya samaki pale soko la Feri: kwa kuwa samaki hakai, uliyemkuta leo kavuliwa usiku wa kuamkia leo. RNA tunayoihesabu leo imetengenezwa leo au jana. Mwaka huohuo wa 1996 John Mellors na wenzake wakaonyesha kwamba wingi wa virusi kwenye plazima unatabiri kasi ya ugonjwa kuliko CD4. Shirika la Afya Duniani lilipokuja kupendekeza mwaka 2013 kwamba wingi wa virusi ndio uwe kipimo kikuu cha kufuatilia tiba, lilikuwa linasimama juu ya kazi hiyo.

Sasa hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo swali lako lilipo. RNA kwenye plazima inatuambia kwamba kuna seli mahali fulani mwilini inayotoa virusi. Haituambii kama virusi hivyo vinaingia kwenye seli mpya na kuanza mzunguko mwingine. Hayo ni mambo mawili, na TLD inazuia moja tu kati yake. Tenofovir na lamivudine huzuia kirusi kilichoingia kwenye seli kisigeuze RNA yake kuwa DNA. Dolutegravir huzuia DNA hiyo isijipachike kwenye vinasaba vya seli. Lakini seli ambayo DNA ya kirusi ilishajipachika ndani yake miaka iliyopita, kabla hujaanza dawa, hakuna kidonge katika hivyo vitatu kinachoifunga mdomo. Nyingi za seli hizo zinalala. Mara mojamoja moja inaamka na kutoa virusi. Vinatoka, vinafika kwenye damu, mashine inavihesabu, na kama dawa ipo ya kutosha vinafia hapohapo bila kuambukiza seli nyingine.

Kuna zaidi. Seli hizo za kinga zenye kumbukumbu ya muda mrefu hugawanyika kama seli nyingine, na zinapogawanyika hurithisha pia DNA ya kirusi. Ukoo mmoja wa seli unaweza kukua hadi ukawa unamwaga virusi kidogokidogo kwa miezi, virusi vinavyofanana vinasaba kama mapacha. Watafiti wamewachunguza watu wa namna hii, wanaomeza dawa bila kukosa na bado namba haishuki hadi "havionekani", na kwa baadhi yao wamekuta chanzo ni koo za seli za aina hiyo. Hakukuwa na usugu wa dawa wala uzembe. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona wagonjwa wakigombezwa mbele za watu kwa namba ndogo kama yako, na mtu aliyegombezwa safari ijayo haji.

Kwa hiyo 312 inaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Inaweza kuwa mruko wa mara moja, tena mingi ya aina hiyo hurudi chini yenyewe. Inaweza kuwa ukoo wa seli nilioueleza. Inaweza kuwa safari ya sampuli: damu ikichelewa sana kuzungushwa kabla plazima haijatenganishwa, vinasaba vya virusi vilivyokuwa ndani ya seli vinaweza kuvuja na kuongeza hesabu. Kama ulichomwa kidole na matone yakakaushwa kwenye karatasi, kipimo hicho huhesabu pia vilivyo ndani ya seli, na kwa namba ndogo hakiaminiki sana. Uliza kadi yako ilitokana na plazima au karatasi. Na uelewe kwamba hata mashine nzuri haitoi namba ileile mara mbili. Tofauti isiyofika mara tatu, tuseme kutoka 150 kwenda 312, mtu wa maabara haiiti kupanda.

Inaweza pia kuwa dawa haifiki kwenye damu kwa kiasi kinachotakiwa, hata kama unaimeza kila siku. Hapa ndipo nilipoisoma sentensi yako ya mwisho mara mbili.

Dolutegravir ina tabia ya kung'ang'ana na madini. Ikikutana tumboni na chuma, kalisi, magnesiamu au alumini, hushikamana nayo, na kikishashikamana kile kitu hakifyonzwi vizuri, kinapita na kutoka na choo. Hili limepimwa kwa watu. Dolutegravir ikimezwa pamoja na vidonge vya chuma mtu akiwa hajala, kiwango chake kwenye damu hushuka kwa asilimia 54. Kwa vidonge vya kalisi, asilimia 39. Kwa dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na alumini ikimezwa pamoja nayo, asilimia 74. Wewe unameza TLD na vidonge vya kuongeza damu kwa pamoja, alfajiri, tumbo tupu, tangu Machi. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya 312, lakini kati ya yote niliyoyataja hili ndilo unaloweza kulirekebisha leo, na ndilo la kwanza ningelishughulikia.

Marekebisho yake si magumu. Ama umeze TLD na vidonge vya chuma pamoja na chakula, kwa kuwa mtu akiwa amekula upungufu ule hautokei, ama umeze TLD kwanza na vya chuma visubiri saa 2 au zaidi. Kwa vyovyote usiache vya chuma bila kumwambia aliyekuandikia, kwani upungufu wa damu nao ni ugonjwa. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini ni kali zaidi: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, na chakula hakisaidii hapo. Na siku ukiambiwa una kifua kikuu, hakikisha kliniki ya TB inajua unatumia TLD, kwa sababu rifampisini, dawa ya TB, huifanya dolutegravir iondolewe haraka mwilini, na mgonjwa huongezewa dozi ya pili ya dolutegravir miligramu 50, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Mambo haya hukosekana kwenye mazungumzo kwa sababu swali la kliniki huwa "unameza dawa zako?", na mgonjwa anajibu ndiyo, kwa ukweli kabisa. Afadhali wangeuliza "unameza pamoja na nini?"

Turudi kwenye vipimo vya maabara ya binafsi. CD4 yako ya 610 ni habari njema, furahi nayo. Ila CD4 ni hesabu ya askari waliobaki. Hatari kubwa huanza ikishuka chini ya 200, na kushuka huko huchukua miezi au miaka. Virusi vinaweza kuwa vimerudi kwa maelfu na CD4 bado iko 600. Ndiyo maana zamani, tulipokuwa tunategemea CD4 peke yake, watu walikaa kwenye dawa zilizoshindwa kwa muda mrefu hadi usugu ukajijenga. Tena CD4 hupanda na kushuka kwa sababu za kawaida tu: mafua, ujauzito, hata saa ya siku uliyotolewa damu.

CRP sikushauri kabisa kwa swali hili. Hupanda kwa jino bovu, kwa malaria, kwa kidonda. Kuna alama za uvimbe wa ndani zenye maana kwa watafiti wa VVU, hasa interleukini-6 na D-daima. Umuhimu wake ulijulikana kupitia utafiti mkubwa uitwao SMART, wa watu 5,472, uliochapishwa 2006, ambapo kundi moja lilisimamishiwa dawa kila CD4 ilipokuwa juu. Waliosimamishiwa waliugua na kufa zaidi ya walioendelea, na alama hizo zilikuwa juu kwa waliofariki. Utafiti huo unamhusu kila anayefikiria kuacha dawa kwa kuwa CD4 yake ni nzuri. Lakini alama hizo hazihesabu virusi, na wewe umeuliza kuhusu virusi.

Protini ya p24, iliyojenga ganda la ndani la kirusi, angalau inatoka kwenye kirusi chenyewe. Ni nzuri kugundua maambukizi mapya kabla kingamwili hazijatokea, na kuna wakati ilifikiriwa iwe mbadala wa bei nafuu wa wingi wa virusi kwa nchi zetu. Kwa nakala 312 isingeona kitu. Kuhesabu DNA ya virusi iliyofichwa ndani ya seli kunafanyika kwenye maabara za utafiti, lakini sehemu kubwa sana ya DNA hiyo ni mbovu, imekatika, haiwezi kuzaa kirusi kamili. Ungepewa namba kubwa ya kutisha isiyo na maana kwako.

Kama bado unahisi huenda kuna kipimo fulani wenye uwezo wanacho na sisi hatuna, kuna kisa cha mtoto wa Mississippi, Marekani. Alizaliwa 2010, akaanzishiwa dawa akiwa na saa 30 tangu kuzaliwa, na akaacha akiwa na miezi 18 hivi. Madaktari walimfuatilia kwa vipimo bora vilivyokuwepo duniani. Kwa miezi 27 bila dawa, virusi havikuonekana kwenye plazima na hata kingamwili hazikuwepo. Dunia ikashangilia kwamba amepona. Mwaka 2014, katika ziara ya kawaida ya kliniki, namba ikarudi 16,750. Hakuna alama ya damu iliyotangulia kutoa onyo. Kilichomgundua ni kipimo cha wingi wa virusi, kilichorudiwa kwa ratiba.

Kuhusu mzee wako. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba mwenye virusi visivyoonekana haambukizi kwa njia ya ngono, na mwenye nakala 1,000 au chini, hatari ni ndogo mno, karibu na sifuri. Nyuma ya tamko hilo kuna uchambuzi wa tafiti 8 zilizohusisha jozi 7,762 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Katika maambukizi 323 yaliyotokea, ni mawili tu ambayo huenda yalitoka kwa mwenza aliyekuwa chini ya 1,000, na hata kwa hayo kipimo cha mwisho kilikuwa cha siku 50 au zaidi kabla au baada. Kwa hiyo usilale ukiwaza kwamba umemdhuru. Ila kwa kuwa hatujui namba yako inaelekea wapi, kwa miezi hii 3 mimi ningetumia kondomu, na akitaka anaweza kuulizia PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU, palepale kituoni. Mama anayenyonyesha ni habari nyingine, tamko lile halikuhusu maziwa. Kama una mtoto mchanga, waambie leo.

Kwa nini miezi 3 na si wiki ijayo? Ukipima wiki ijayo utapima tukio lilelile. Ukitenganisha chuma na TLD sasa, dolutegravir ina kasi: katika utafiti wa SINGLE, watu wanaoanza dawa wakiwa na virusi vingi walishuka chini ya 50 kwa wastani wa siku 28, wakati waliotumia mchanganyiko wenye efavirenz, dawa ya zamani zaidi, walichukua siku 84. Miezi 3 inaipa dawa nafasi ya kuonyesha uwezo wake kamili, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kwa namba kati ya 50 na 1,000 unasema hivyohivyo: msaada wa ufuasi wa dawa, kisha kurudia baada ya miezi 3. Nenda kwenye vikao vya ushauri. Peleka vidonge vyote unavyotumia ndani ya mfuko, pamoja na vya dukani na vya asili, uviweke mezani mbele ya muuguzi. Omba sampuli ya marudio iwe plazima, na kama wiki hiyo una malaria au homa kali, tibiwa kwanza.

Namba mpya ikija chini ya 50, tumemaliza, unarudi kwenye ratiba ya mwaka. Ikija 200 au 400 tena, usikubali wala usidai kubadilishiwa dawa kwa haraka. Kwa mtu aliye kwenye dolutegravir mara nyingi hakuna cha kubadilisha, ni kuendelea kumeza vizuri na kufuatiliwa kwa karibu. Ikizidi 1,000, yaani imepanda zaidi ya mara tatu kutoka hii ya sasa, hapo tunaanza kuamini kwamba virusi vinaingia kwenye seli mpya huku dawa ikiwemo, na hapo ndipo kipimo cha usugu kinakuwa na kazi, kwa sababu maabara inapata RNA ya kutosha kuisoma. Kwa 312 mara nyingi kingerudi bila majibu.

Vidonge vya kesho alfajiri, meza TLD pekee. Vya chuma viache hadi chakula cha mchana.